Mjomba Barafu Si Mimi

Jumatatu, 4 Juni

Nimetukanwa. Tena kwa maandishi. Tena na ndugu yangu wa tumbo moja!

Asubuhi nilikwenda kwa mwenye bucha, ng'ambo ya barabara, kuangalia friza yake inayovuja. Sijaweka hata mkoba chini, akanipokea kwa kelele: karibu, Mjomba Barafu! Akacheka mpaka akashika meza. Wateja wawili wakacheka naye. Mmoja wao hanijui kabisa. Nikauliza kulikoni. Akashangaa: ina maana sijasoma kitabu cha mdogo wangu? Kila mtu amesoma!

Ni kweli, sijasoma. Mdogo wangu anakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Riwaya yake aliiandika saa za chakula cha mchana, mwaka baada ya mwaka, na mwezi uliopita ikatoka. Inaitwa Walioshuka Jumanne. Ni ya vijana. Viumbe kutoka sayari nyingine wanaivamia dunia. Nilimpongeza, nikakiweka kitabu mahali pazuri. Mahali hapo sipakumbuki. Mimi ni mtu wa kazi.

Nimeikuta nakala ya mke wangu chini ya nguo za kupiga pasi. Nikasoma nimesimama.

Viumbe hao hawaliwezi joto. Wanataka baridi, na kila chenye baridi ni chao. Watu wanakimbia. Msichana mmoja anayeitwa Kiberiti anawakusanya watoto wa mtaa na kuwaficha. Mpaka hapo sawa. Sura ya nne, anatokea nani? Mjomba wake Kiberiti, Mjomba Barafu. Fundi wa friji! Ana bisibisi tatu kwenye mfuko wa shati. Kwa kila jambo anasema, "Niachieni mimi." Wenzake wanakimbia na magodoro kichwani, yeye anatoa kiti nje, anawakaribisha wavamizi, anawaonyesha friji mbovu na kuwaambia ni vyumba vya kulala vya kifahari.

Nikafunga kitabu. Uzushi mtupu! Mimi natembea na bisibisi nne.

Mke wangu ameniuliza sasa nitafanya nini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Aniachie mimi.

Jumanne, 5 Juni

Nimekwenda kliniki kudai haki yangu. Mdogo wangu akaniambia nikae kwanza, kuna watu wana maumivu. Nikamwambia mimi pia nina maumivu. Akauliza jino gani.

Nikakaa kati ya wagonjwa wawili. Wa kulia amevimba shavu, wa kushoto amevimba shavu, mimi katikati nimevimba moyo.

Zamu yangu ilipofika nikamweleza kwamba amenivua nguo hadharani. Yeye, kwa upole wake ule unaoudhi, akauliza nimefika sura ya ngapi. Nikasema nimesoma kiasi cha kutosha.

"Maliza kwanza, kaka, ndipo tugombane."

Nikamjibu kwamba mtu halazimiki kumaliza sahani ndipo ajue chakula kimechacha. Nilijivunia sana jibu hilo. Kabla hajasema lolote, yule wa shavu la kulia akainuka, akamshika mkono, akaanza kuzungumza huku mate yanamtoka. Mimi sikuambulia neno. Mdogo wangu aliyaelewa yote. Kumbe mgonjwa anamshukuru: alipokuwa anasoma pale viumbe wanapoingia shuleni, alilisahau jino lake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Huenda ni jino.

Mlangoni nikaona tangazo. Jumamosi ya wiki ijayo, maktaba, mkutano wa wasomaji wa Walioshuka Jumanne. Mwandishi atakuwepo. Wasomaji wabandike maoni yao ubaoni, yatasomwa yote mbele ya watu.

Yote! Dawa ya moto ni moto. Na dawa ya wino ni wino.

Alhamisi, 7 Juni

Leo nimeingia maktaba. Mkutubi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, akaniuliza nimeitwa kutengeneza nini. Nikamwambia nimekuja kusoma. Akavaa miwani, akaniambia karibu sana, kwa sauti wanayotumia watu wakiwa msibani.

Ubao umejaa karatasi. Nikazisoma zote, kwa ajili ya upelelezi tu. Mmoja kaandika kwamba mumewe hasomi hata maelezo ya dawa, lakini alikisoma kitabu hiki mpaka chai ikapoa mkononi. Mwingine analalamika kwamba sura ni fupi mno, kila akitaka kuacha anajiambia moja tu, na wali umeungua mara mbili. Mwingine anasema amevisoma vitabu vingi ambamo vijana hawaogopi kitu. Amempenda Kiberiti kwa sababu anatetemeka na bado anakwenda. Hata lile lalamiko ni sifa! Nilitafuta baya moja la kuanzia. Hakuna.

Binti wa fundi cherehani alikuwa pale anabandika la kwake. Msichana mwembamba, sauti yake kama ya chiriku. Akanisalimia shikamoo, akaniambia amesoma mara mbili. Ya pili alikuwa anajaribu kumzuia Kiberiti asifungue ule mlango. Nikamuuliza alifaulu? Akasema hapana, lakini atajaribu tena.

Alipoondoka nikatoa silaha zangu tatu, nilizoziandika karakana.

Ya kwanza, Mama Mwenye Wasiwasi: kitabu kinatisha mno, mwanangu halali tena, kifungiwe kabatini.

Ya pili, Mwanajeshi Mstaafu: viumbe hawa hawamtishi hata kuku. Nimepigana vita, najua.

Ya tatu, Mpenda Ukweli: yule mjomba ni uongo. Hakuna fundi wa namna hiyo duniani. Mafundi wa friji ni watu wenye heshima, wanaofika kwa wakati na kutoa dhamana ya kazi yao.

Nilitamani kuongeza namba ya simu. Nikajizuia.

Njiani nikagundua kwamba wa kwanza anasema kinatisha na wa pili anasema hakitishi. Si neno. Watu hupenda mjadala.

Jumamosi, 9 Juni

Balaa!

Nimepita maktaba kuona moto wangu umeshika wapi. Nikakuta foleni ya vijana mpaka kwenye ngazi. Nikamuuliza mmoja kuna nini. Akaniambia kwa furaha kwamba kuna mama mmoja anataka kitabu kifungiwe kwa sababu kinatisha! Yeye mwenyewe hakuwa na habari nacho kabla. Sasa wamepangiana zamu, kila mmoja siku mbili, na wengine wanasomeana kwa sauti bustanini.

Mwanajeshi Mstaafu naye amejibiwa. Karatasi ina doa la mafuta ya ng'ombe, hivyo sikuhitaji kuuliza ni nani. "Afande, ulipigana vita gani hivyo? Mimi nakata nyama tangu ujana wangu na sura ya tisa ilinifanya niwashe taa zote." Huyo mwenye bucha hana haya. Anajitangaza hadharani kwamba ni mwoga!

Mkutubi akanisogelea. Akasema kwa upole kwamba yule mama, yule mwanajeshi na yule mpenda ukweli wote watatu wana kidole gumba chenye grisi. Akaniuliza kama naweza kuwa nawajua.

Nikatia mikono mfukoni. Nikamwambia mtaa huu una mafundi wengi.

Jumapili, 10 Juni

Chakula cha mchana kwa Mama. Mdogo wangu hakuja, ana zamu. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Mama ni hakimu wetu tangu utotoni, na macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo hawezi kuwa amesoma.

Amesoma! Mdogo wangu amekuwa anamsomea kila Ijumaa, na sasa wamemaliza. Mama akaanza kumsifu: anavyojua kukuficha jambo, anavyojua kukuchekesha wakati umeshikwa na hofu. Nikamkatiza. Nikamuuliza amemwonaje yule mjomba.

Mama akanishika shavu. "Yule ni wewe mtupu, mwanangu," akasema. Kisha akalia.

Nimemliza mama yangu kwa aibu. Kwa aibu ya mtu ambaye hata si mimi! Niliondoka bila kumaliza chai. Mke wangu akanifuata nyuma, akaniambia huenda sikumwelewa Mama, na kwamba ningesoma mbele kidogo tu. Nikamwambia sitaki kusikia habari za kitabu hicho katika nyumba yangu. Tulipofika alikwenda kupiga pasi. Nguo hazikuwa nyingi. Alikaa huko mpaka jua likazama.

Jumatano, 13 Juni

Maoni ya karatasi yameshindwa. Sasa nitasimama mwenyewe. Jumamosi, mbele ya wote, nitathibitisha kwa hoja kwamba Mjomba Barafu hawezi kuwepo. Nimefanya mazoezi karakana. Nimezipanga friji sita kama wasikilizaji. Zilisikiliza vizuri, moja ilinguruma mahali pazuri kabisa.

Tatizo ni mwenye bucha. Akiwepo ataniita lile jina na hoja zangu zote zitakwenda na maji. Lazima asifike. Nikabuni jambo: nimeifungua friza yake yote, nikatandaza vipande sakafuni, nikamwambia kuna kifaa sina, nitaleta Jumatatu. Mtu mwenye nyama isiyo na baridi hawezi kwenda mkutanoni. Atakaa aipepee.

Akaniuliza sasa nyama aipeleke wapi. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba sijui.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Nikafungua friji nipate maji. Mguu wa ng'ombe ukaniangukia!

Mke wangu akanieleza kwamba mwenye bucha amepita, amesikitika, na yeye akaona ni aibu fundi kumwacha mteja katika shida. Sasa friji yetu imejaa mpaka juu. Mwenye bucha amemshukuru sana. Amesema kwa kuwa hana cha kuuza, Jumamosi atawahi kiti cha mbele.

Jumamosi, 16 Juni

Naandika hata viatu sijavua.

Chumba cha mikutano cha maktaba kilifurika. Viti vya plastiki havikutosha, vijana wakakaa sakafuni. Wale wa mashavu walikuwepo, sasa wamepona, sikuwatambua mpaka waliponipungia. Mama mbele. Mwenye bucha mbele. Mdogo wangu kwenye meza ndogo, amevaa sare ya kliniki, anasokota kalamu. Nilimwona anaogopa. Nilifurahi kidogo. Kisha sikufurahi.

Binti wa fundi cherehani akasoma maoni. Aliyasoma yote, hata ya kwangu, na kwa Mwanajeshi Mstaafu alitoa sauti nene, watu wakaangua kicheko. Mwishoni akasoma la kwake. Akasema vitabu vingi humwambia kijana kwamba watu wazima ama ni wabaya ama ni wenye hekima. Humu wapo kama wa nyumbani kwake: wanakosea, wanasema uongo mdogo mdogo, na bado unataka wapone. Akasema alipomaliza alikwenda kukaa karibu na baba yake anaposhona, bila kumwambia kwa nini.

Fundi cherehani akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Nikasimama. Nikakohoa. Nikasema mimi ni msomaji wa kawaida. Mwenye bucha akaanza kutabasamu. Nikaendelea: yule mjomba si mtu wa kweli. Hakuna mtu anayeona hatari inakuja na akili yake ikamwambia hapa pana nafasi. Hakuna mtu anayejiingiza kwenye jambo asilolijua, bila kuombwa, kwa kujiamini tu! Nikamwona mke wangu anafunika uso kwa kiganja.

Hapo feni ya darini ikakwama. Ikatoa moshi mwembamba. Mkutubi akauliza kama kuna mtu anaweza kuzima umeme ili aitwe fundi wa feni.

Nikapanda juu ya kiti. "Niachieni mimi," nikasema, na nikatoa bisibisi.

Vichwa vyote vikanigeukia. Kisha vicheko! Watu walicheka wakishikana mabega. Mwenye bucha aliteleza kwenye kiti. Mimi juu, bisibisi mkononi, uso umenishuka mpaka kifuani. Nilitamani wavamizi washuke wanichukue.

Lakini vicheko vikageuka makofi. Wakasimama wote. Nikadhani ni kejeli, nikaangalia vizuri. Yule mgonjwa wa shavu la kulia alikuwa analia, na safari hii hana jino la kusingizia.

Binti wa fundi cherehani akaja mpaka chini ya kiti changu. "Shikamoo, Mjomba," akasema. "Kwa nini ulibaki ndani?"

Nikauliza ndani ya nini.

Makofi yakakatika. Wakatazamana. Mdogo wangu akainuka, akasema kwa sauti ndogo, "Kaka hajafika mwisho."

Mwenye bucha hakucheka. Alinishika mkono nikashuka, akanipa nakala yake yenye madoa ya mafuta. Sura ya kumi na tisa, akaniambia. Nisome nikiwa nimekaa.

Jumapili, 17 Juni

Nimejifungia karakana tangu asubuhi. Nilikusudia kuruka moja kwa moja mpaka ya kumi na tisa. Nimeshindwa kuruka. Jamani, huyu mdogo wangu!

Kuna mwalimu anayewaimbisha watoto darasani ili wasisikie paa linafunguliwa. Kuna barabara iliyoganda hata taa zake, na Kiberiti anaivuka pekupeku kwa sababu viatu vina kelele. Nilisoma nimeshika bisibisi kama panga. Na yule mjomba! Wale viumbe waliolala kwenye friji zake hawakuweza kutoka, maana vitasa vilikuwa vibovu. Mji mzima ukamwita shujaa. Yeye akakubali haraka sana.

Kisha sura ya kumi na tisa. Watoto wamenaswa kwenye ghala la baridi. Mlango haushiki, lazima mtu aushikilie kwa ndani, la sivyo viumbe watawafuata. Mjomba Barafu anawasukuma watoto nje, mmoja mmoja. Kiberiti anamng'ang'ania shati. Anamwambia asiogope, ana mpango, atatokea upande wa pili. Ghala halina upande wa pili. Kama hajui au anajua, mdogo wangu hakuandika. Anasema maneno yake yale, na mlango unafungwa.

Nikatia kichwa kwenye friji nipoze macho. Mke wangu alinikuta hapo. Akanipangusa kwa kona ya khanga yake.

Nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa anaosha vyombo. Nikachukua kitambaa nikawa nafuta. Tukafika kwenye sufuria kabla sijaweza kumuuliza kwa nini ameniua.

Akasema hakutaka. Alijaribu kumweka daktari kwenye mlango ule, hakuaminika. Akamweka askari, hakuaminika. "Kila niliyemweka pale alikimbia, kaka. Ulibaki wewe tu. Kwa sababu ni wewe tu ungeamini kwamba una mpango."

Nilifuta sufuria ile mpaka ikang'aa ajabu. Nikamwambia kitabu ni kizuri. Nikamwambia ni kizuri sana, na kwamba sijui alikitoa wapi kichwani mwake, sisi tumekua chumba kimoja na mimi sikuona kitu. Akacheka, akanirushia povu. Nikamwomba jambo moja tu, wakichapa tena: bisibisi ziwe nne. Amekubali.

Jumatatu, 18 Juni

Friza ya mwenye bucha nimeifunga upya. Inafanya kazi kuliko mwanzo, na vipande vitatu vimebaki.

Nimekwenda kuondoa maoni yangu ubaoni. Mkutubi akaniomba nimwache Mwanajeshi Mstaafu, ana wapenzi wengi. Nimebandika jipya, kwa jina langu la mtaani, Fundi Baridi: "Nimesoma chote. Nimelia. Asiyefika mwisho asiseme kitu." Mkutubi akasoma, akavua miwani, akasema hilo litakwenda juu kabisa.

Mimi ni mtu mpya. Najisikia mwepesi. Majivuno yamekwisha.

Jumamosi, 23 Juni

Shule itakiigiza kitabu! Leo walikuwa wanachagua waigizaji ukumbini, na wakubwa wa mtaa walikaribishwa kwa nafasi za watu wazima. Nafasi ya Mjomba Barafu nani angeithubutu? Nilikwenda kwa ajili ya utaratibu tu. Shati langu, bisibisi zangu, sauti yangu.

Nimeshindwa.

Nimeshindwa na mwenye bucha! Alipofika kwenye mlango wa ghala alisema maneno yale taratibu, kama mtu anayeaga wanawe, na binti wa fundi cherehani, ambaye ndiye Kiberiti, alilia machozi ya kweli. Mwalimu wa maigizo naye akalia. Kuhusu mimi, mwalimu alisema nilijitahidi, lakini nilitia chumvi. Eti hakuna mtu wa kawaida anayezungumza vile. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya ukumbi. Alitoka nje mbio, na nikasikia anavyocheka huko nje.

Wamenipa nafasi ya Kiumbe wa Tatu. Nitavaa karatasi za kung'aa na kofia ya ndoo. Kazi yangu ni kushuka kwenye chombo, kusimama na kutazama. Mke wangu amenisihi nishukuru, nisimame, nitazame.

Lakini nimefikiri. Viumbe wametoka mbali. Wana lugha yao. Wana malalamiko yao. Na mimi nikizungumza kwa lugha ya sayari nyingine, ni mwalimu gani atakayesema nimekosea? Nimekwisha kuanza kuandika hotuba. Imefika ukurasa wa nne, na bado sijashuka kwenye chombo.